Nywele Nilizomnyima Baba

Kaka yangu Zefania alipolazwa, niliacha kunyoa. Mke wangu ndiye aliyeona kwanza. Mimi nina kipara kamili, kuanzia paji la uso mpaka karibu na kisogo, na kilichobaki ni ukanda mwembamba unaopita juu ya masikio. Ukanda huo nimeunyoa kila Jumamosi asubuhi kwa miaka mingi, mwenyewe, kwa wembe na maji ya uvuguvugu. Kufikia wiki ya tatu ulikuwa umeshajitokeza, mweupe, wa kukwaruza. "Baba Tumaini," mke wangu aliniambia tukiwa mezani, "unaanza kuzeeka vibaya. Watu watasema sikutunzi." Nilimwambia ngozi ya kichwa inaniuma, siwezi kupitisha wembe. Uongo ule ulinitoka kwa wepesi, maana niliwahi kuusema zamani, karibu kwa maneno yaleyale, nikiwa na miaka ishirini na sita. Mke wangu aliusadiki, akaniongezea chai, na mimi nikabaki nakitazama kikombe.

Mwaka ule nilikuwa nimepanga chumba mtaa wa Sekei, cha mwisho katika nyumba ya vyumba sita, na nilikuwa nafundisha jiografia katika shule ya sekondari upande wa Makumira. Chumbani nilikuwa na kitanda, meza, jiko la mafuta ya taa na vioo viwili. Kimoja nilikikuta ukutani. Cha pili nilikinunua mwenyewe, kidogo, cha mkononi, ili nikigeuka niweze kuuona utosi wangu. Dirisha langu lilitazama mlimani, na wageni wakija walisema nina bahati, lakini mlima wenyewe sikuutazama. Nilisimama katikati ya vioo viwili kila asubuhi kabla ya chai, nikikagua. Miezi mingi ya mwaka ule imenipotea kabisa. Sikumbuki wanafunzi wangu walifaulu vipi, wala mvua zilikuja lini. Nakumbuka foronya yangu, nyeupe yenye mistari ya bluu, na nywele zilizokuwa zimelala juu yake kila nilipoamka. Nilikuwa nazikusanya kwa vidole na kuzitupa nje dirishani, kisha nakung'uta mto, halafu nawasha jiko.

Aliyejua kabla yangu alikuwa Rama, kinyozi wangu, mtu wa Kondoa aliyekuwa na saluni ya viti viwili pale kwenye kona. Rama alikuwa na desturi ya kumaliza kazi kwa kukuwekea kioo nyuma ya kichwa ili uone alivyokuchonga. Siku moja niligundua kwamba mimi hajaniwekea kioo hicho kwa muda mrefu. Nilimuuliza, "Rama, mbona siku hizi hunionyeshi nyuma?" Alijifanya anafuta mashine. "Nyuma kuko salama, mwalimu." Nilimwambia alete kioo. Alileta polepole, akakishika chini kidogo, usawa wa shingo, mpaka nikamshika mkono nikakipandisha. Utosini palikuwa na duara, ngozi tupu inang'aa chini ya taa ya saluni. "Toka lini?" nilimuuliza. "Toka mwaka jana, mwalimu." "Na ulikaa kimya?" Rama alinikung'uta nywele shingoni kwa brashi. "Mimi kazi yangu ni kunyoa," alisema. "Habari mbaya zina watu wake."

Baada ya hapo nilianza kuwasikia watu. Labda walikuwa wanasema siku zote na mimi ndiye sikuwa nasikiliza. Mama Ombeni, mwenye nyumba, alikuwa akifua uani na jirani yake mchana wa Jumamosi, na mimi nilikuwa ndani nakula makande. Jirani aliuliza kwa nini mwalimu wa chumba cha mwisho hajaoa. "Ataoa saa ngapi na kichwa kile?" Mama Ombeni alijibu. "Msichana akimwona si atamwamkia shikamoo!" Walicheka wakapigana vikumbo, nikasikia maji yanamwagika. Niliweka kijiko chini. Kisha nikakichukua, nikamaliza makande, nikaosha sahani. Shuleni wanafunzi walikuwa wameshanipa jina. Waliniita Kiwanja, na mimi nilijua, na wao walijua kwamba najua.

Nilijitibu kwanza kwa maneno ya watu. Nilipaka mafuta ya nyonyo, nikapaka shubiri, kisha mwalimu mwenzangu akanihakikishia kwamba kitunguu maji ndicho kiboko. Nilikuwa nakwaruza vitunguu kwenye kikwaruzo cha nazi, nakamua maji kwa kitambaa, najipaka kichwani na kukaa nusu saa machozi yakinitoka kwa ukali wake. Nilikuwa naoga vizuri kabisa baada ya hapo. Lakini nilipoingia kidato cha pili siku ya joto, msichana mmoja wa dawati la mbele aliinua pua akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Leo mchana kuna kachumbari." Darasa zima lilianguka kwa kicheko. Nilichora ramani ya mito ya Tanzania ubaoni, nikatia majina yote bila kukosea hata moja. Nilikuwa nimeshaanza kutohisi kitu. Nilidhani huo ni ukomavu.

Mwishowe nilikwenda kwa daktari wa ngozi mjini, mama mmoja mfupi mwenye miwani, asiye na maneno mengi. Aliinamisha kichwa changu chini ya taa yake, akazitenganisha nywele kwa ncha ya kalamu. "Hii si fangasi," alisema. "Si mba, wala si mashine ya kinyozi, usije ukamsingizia mtu wa watu. Baba yako ana kipara?" Nilisema ndiyo. "Na wajomba?" Nilisema wawili. Alinieleza kwamba chini ya ngozi kila unywele una shina lake, na kwamba kwa wanaume wengine mashina ya utosini na ya mbele hayavumilii homoni ya kiume. Yanakonda kidogokidogo. Unywele unaota mwembamba, mfupi, unaanguka mapema, mpaka siku moja hauoti tena. "Haiumi na haiui," alisema. "Ukitaka, nenda nyumbani ukae nayo." Nilimwambia siwezi. Hapo alinitazama usoni kwa mara ya kwanza, akaandika dawa ya maji ya kupaka, asubuhi na jioni. Aliniambia wiki za mwanzo nywele zitaanguka zaidi, nisitishike. Nisubiri miezi. Wengine zinarudi, wengine zinasimama pale zilipofikia, wengine hakuna kitu. Na nikiacha dawa, zote nilizozipata zitaondoka. Aliniuliza kama nina swali. Nilisema sina.

Dawa ilikuwa kwenye chupa nyeupe yenye picha ya kichwa cha mwanamume kilichogeuzwa mgongo, na ilikuwa na ubaridi wa spiriti. Nilipaka kila siku kwa saa ileile, na safari zangu zote nilizipanga kufuata chupa. Nyumbani Momela nilikwenda mara moja tu katika miezi ile. Nilimkuta baba kwenye benchi nje ya jiko anakula loshoro, kofia yake ya sufu iko gotini. Nilimwamkia, akaitika, akanisogezea bakuli. Tulikula pamoja mahindi na maziwa mgando bila kusema mengi, yeye akitazama ng'ombe wake wawili. Mimi nilikuwa nimevaa kapelo. "Vua kofia unapokula," alisema. Nilivua. Alinitazama utosini, kisha akapitisha kiganja juu ya kichwa chake mwenyewe, kilichokuwa kitupu toka nilipopata akili. "Hicho changu," alisema. "Nimekupa bure, na hujashukuru." Alicheka sana kwa utani wake huo, mpaka akafuta macho. Mimi nilitabasamu tu kwa adabu, maana nilikuwa nahesabu saa zilizobaki kabla ya kupaka dawa ya jioni, na chupa ilikuwa Sekei. Niliaga mapema kuliko nilivyokuwa nimepanga. Sikumwona tena akiwa hai.

Mwezi wa nane wa dawa, Rama alizima mashine katikati ya kunyoa. Alileta kioo bila kuambiwa na kukipandisha juu kabisa. Pale kwenye duara palikuwa na vinywele laini, kama vya mtoto mchanga, na katikati yake vingine vyeusi, vigumu, vya kweli. "Mwalimu," alisema, "zimerudi." Aliwaita waliokuwa wakisubiri kwenye benchi waje waone. Nilifurahi, nasema kweli. Ndiyo furaha pekee ninayoikumbuka ya mwaka ule. Siku kumi baadaye, saa nne, wakati wa mapumziko, Zefania alinipigia simu nikiwa ofisini kwa walimu. "Baba hatunaye," alisema. Aliniambia alianguka bandani asubuhi, hakuugua. Nilisema nimesikia. Nilirudisha simu mfukoni, nikaenda kufundisha kipindi kilichofuata, aina za miamba, mpaka kengele ikalia. Nilipofika chumbani kufunga begi, kitu cha kwanza nilichoweka ndani kilikuwa ile chupa.

Kwetu, mzazi akishazikwa, siku ya nne watoto wake wote wananyolewa vichwa, wakubwa kwa wadogo, wa kiume na wa kike; na kaka mkubwa akifa, wadogo zake nao hunyolewa pamoja na watoto wake. Tunakaa uani kwa kufuatana tulivyozaliwa, na shangazi mkubwa ndiye anayeshika wembe. Nywele zote zinaangukia kwenye ungo mmoja, zinachanganyika, na kabla ya jua kuzama zinafukiwa migombani. Nilikuwa nimenyolewa hivyo mama alipofariki, nikiwa na miaka kumi. Nililijua jambo hili toka simu ilipokatika, nikaendelea kulijua kwenye ibada, kaburini, kwenye foleni ya kupewa pole. Watu walinishika mabega wakisema nijikaze, na mimi nilikuwa nawaza miezi minane. Niliamini kwamba wembe ukipita utosini, vile vinywele vitaondoka na vyote nilivyovumilia vitakuwa bure. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilijiambia mwenyewe.

Siku ya nne tulikaa. Zefania alikuwa wa kwanza, naye alikuwa na nywele za mama, nyingi, nzito, zilizoanguka kwenye ungo kwa mafungu. Alifumba macho muda wote. Nyuma yangu walikuwa wadogo zetu wawili wa kike, wanalia chini kwa chini. Shangazi Ndeso, dada wa baba, alifungua wembe mpya, akanigeukia. "Shangazi," nilisema, "mimi kichwa kinauma. Daktari amekataza wembe." Uani palikuwa na watu wengi, wote wakanitazama. Shangazi hakuuliza ugonjwa gani. Aliweka vidole kichwani kwangu akapapasa, polepole, mbele, pembeni, akafika utosini akakaa hapo. "Panauma hapa?" Nilisema ndiyo. Vidole vyake vilikuwa juu ya zile nywele mpya, akizipekua huku na huku kama anayetafuta chawa. Nilisubiri. "Basi," alisema mwishowe, "mgonjwa asiguswe." Aliniruka, akaenda kwa mdogo wangu. Jioni ungo ulipelekwa migombani, mimi nikiwa nimesimama na wengine, na nywele za wote zilikuwamo isipokuwa zangu. Sikulia. Kila mtu alidhani nimezidiwa na uchungu, lakini nilikuwa nimeshapoa tu, kama chai iliyosahaulika.

Kesho yake asubuhi Zefania aliingia kwenye chumba tulichokuwa tunalala tukiwa wadogo, anatafuta kiberiti, akaikuta chupa dirishani. Mimi nilikuwa nimekaa kitandani nafunga viatu. Aliitazama ile picha, akasoma alichoweza kusoma, kisha akanitazama mimi. Kichwa chake kilikuwa na mikwaruzo midogo miwili ya wembe. "Ugonjwa wenyewe ndio huu?" aliuliza. Nilikaza kamba ya kiatu. Aliirudisha chupa palepale ilipokuwa, akaigeuza picha iangalie nje. "Kichwa amekupa yeye," alisema. "Nywele za siku moja umemnyima." Alitoka. Nilitegemea atawaambia watu, nikakaa humo ndani muda mrefu nikisikiliza sauti zitabadilika saa ngapi huko nje. Hazikubadilika. Mchana nililetewa chakula kama wengine, na jirani mmoja aliniuliza kwa huruma kama kichwa kina nafuu.

Nilirudi kwa daktari mwezi uliofuata kuchukua chupa nyingine. Alifurahi kuona maendeleo, akaandika, na mimi kwa kutaka tu kusema neno nikamweleza kwamba niliponea chupuchupu kunyolewa msibani. Aliinua uso. "Kwani nani alikukataza kunyoa?" Nilisema nilidhani. "Ungenyoa hata kila wiki," alisema. "Wembe unakata kilicho juu. Shina liko chini, na dawa inafanya kazi chini. Zingeota tena zote." Alisema hivyo kwa sauti ileile ya kuelezea matone mangapi asubuhi na mangapi jioni, kisha akamwita mgonjwa anayefuata, nikabaki nimesimama katikati ya mlango mpaka yule mgonjwa akaniomba njia. Lilikuwa swali la nusu dakika. Aliniuliza kama nina swali na nilisema sina. Chupa ile mpya niliitumia wiki mbili, halafu asubuhi moja sikupaka, na jioni sikupaka, na sikuamua chochote. Miezi michache baadaye nywele mpya zilianguka zote, na zile za zamani zikafuata. Rama aliacha tena kuleta kioo. Niliona aibu, na aibu ile ndiyo kitu pekee kilichokuwa na joto ndani yangu mwaka mzima. Siilaumu dawa. Nimeshawaelekeza vijana wawili watatu kwa madaktari wa ngozi, nao wanaendelea vizuri, na kila mmoja nimemwambia aulize mambo yote, hata ya kijinga.

Zefania hakumwambia mtu. Lakini toka siku ile, kila tulipokutana, harusini, Krismasi, kwenye vikao vya ukoo, aliniuliza mbele za watu, "Kichwa kinaendeleaje?" Nilikuwa najibu, "Hivyohivyo." Kwa miaka zaidi ya ishirini sikujua kama ananisuta au ananisitiri. Mke wake aliwahi kuniambia kwamba kwao kwenye sala ya familia nimo, shemeji mwenye maradhi ya kichwa, na mumewe ndiye aliyeniingiza. Nilishukuru, nikaomba maji ya kunywa.

Mara ya mwisho nilimwona hospitalini, kitanda cha karibu na dirisha. Alikuwa amekonda mashavu, lakini nywele zake zilikuwa nyingi vilevile, nyeupe sasa. "Kichwa kinaendeleaje?" aliuliza. "Hivyohivyo, kaka." Alinitazama pembeni, juu ya sikio moja, kisha juu ya la pili, kwa utulivu, kama anayekagua mche. Mimi nilitazama sakafu. "Naona unanifugia nywele," alisema. Alianza kucheka, kicheko kilekile cha baba, mpaka kikageuka kikohozi na muuguzi akaja kumwinua mto. Alipopata pumzi alinishika mkono. "Acha zikue," alisema. "Bado nipo nipo." Alikaa siku kumi na tisa zaidi.

Tulimzika Momela, na siku ya nne tulikaa uani. Safari hii wa kwanza nilikuwa mimi, na nyuma yangu wadogo zangu wa kike, kisha watoto wa Zefania watatu. Shangazi Ndeso bado yupo. Macho yamefifia, ananyoa kwa kupapasa, lakini amekataa kumwachia mtu mwingine wembe. Alikalishwa kwenye kigoda, bakuli la maji pembeni, ungo miguuni. Aliweka kiganja utosini kwangu. "Hapa hakuna kazi," alisema, na watoto wa Zefania wakacheka kidogo katikati ya machozi. Kiganja kikashuka, kikafika juu ya sikio, kikakuta zile nywele za wiki tisa. Kikasimama. Alizishika kwa ncha za vidole, akazivuta kidogo kujua urefu wake.

"Hiki kichwa kilikuwa kinauma," alisema. "Mwaka wa baba yako."

Ningeweza kusema kimepona. Watu wote waliokuwa pale walikuwa tayari kulisikia hilo, na Zefania alikuwa amenitunzia njia hiyo wazi miaka yote. Nilitazama ungo, ulikuwa bado mtupu.

"Hakikuwa kinauma, shangazi."

"Najua," alisema. Alichovya wembe kwenye maji, akanishika shingo kwa mkono wa kushoto. "Inama."